Anakojoa vizuri chooni lakini hakauki: kisa cha binti wa miaka 7 na mrija uliopotea njia

Binti ana miaka 7, yuko darasa la pili, tumwite Mwanaidi, na niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunga kutokana na jinsi tatizo lenyewe linavyojirudia kwa watoto tofauti, sio mtoto mmoja wa kweli, kwahiyo msianze kumtafuta mtaani. Shida yake ni kulowa. Mchana analowa, usiku analowa, chupi haimalizi nusu saa ikiwa kavu, na imekuwa hivyo tangu alipoachishwa pempasi. Ila hapohapo kuna kitu hakiingii akilini: huyu mtoto chooni anaenda kama kawaida. Akibanwa anasema, anakimbia, anakojoa mkojo mwingi wenye nguvu, anamaliza, anavalishwa chupi kavu, anarudi kucheza, na dakika kumi baadaye chupi ina doa.

Mpaka anafika kwa bingwa wa upasuaji wa watoto alishazunguka kote. Zahanati walimpima mkojo kwa kijiti, wakasema UTI, akapewa dozi. Baada ya miezi miwili UTI tena, dozi nyingine, halafu zikaja sindano. Akanyweshwa dawa za minyoo. Bibi mzaa baba akasema hilo ni chango, ikachemshwa mizizi. Shuleni akahamishiwa dawati la nyuma karibu na mlango na wenzake wakampa jina la kikojozi, na nyumbani kuna kipindi alikuwa anachapwa, mama yake hakuficha hilo, maana mtoto mkubwa hivyo anayejua choo kilipo halafu analowa, watu wanasema ni uvivu na michezo. Mahali pengine wakamwanzishia oksibutinini, ile dawa ya kutuliza kibofu, akanywa mwezi mzima na kilichokauka ni mdomo tu.

Kuhusu hizo UTI niseme kidogo kwa sababu zinapotezaga watu miaka. Msichana anayelowa saa 24 ngozi yake ya huko chini haikosi wadudu, ukimkojolesha kwenye kikopo bila kumsafisha vizuri na bila kukinga mkojo wa katikati, kijiti kitakuonyesha chembe nyeupe karibu kila siku utakayopima. Hiyo peke yake sio UTI. Mkojo ungeoteshwa hata mara moja, au mtu angeuliza tu kama kuna homa, maumivu, au mkojo kuchoma, ungeona dozi nyingi hazikuwa na kazi. Mwanaidi hajawahi kulalamika kuchomwa.

Ultrasaundi alipigwa mara mbili na zote zikarudi na maneno yaleyale, figo zote mbili kawaida, kibofu kawaida. Sasa ukichukua zile fomu ukasoma alichoandika aliyeomba kipimo, utakuta "UTI sugu", basi. Mpiga picha naye ni binadamu, ana foleni ya wajawazito nje, ukimwandikia UTI anatazama kama kuna mawe, kama figo imevimba, kama kibofu kina ukuta mnene, akimaliza anaita mwingine. Hakuna aliyemwambia atafute kitu gani.

Kilichogeuza mambo kilikuwa swali moja, na lilikuja kwenye dakika za mwanzo za kliniki. Bingwa hakuuliza analowa mara ngapi, aliuliza: mama, kuna muda wowote mwanao anakuwaga mkavu? Hata masaa mawili? Hata akiwa usingizini? Mama akajibu hapana, hajawahi, hata akitoka kukojoa sasa hivi. Na mama huyu jibu lake lina uzito kwa sababu ni fundi cherehani, pedi za mtoto anashona mwenyewe, flana mbili ndani, khanga kuukuu juu, kipande cha nailoni chini, anazifua na kuzianika kila siku, kwahiyo anajua ukubwa wa doa kuliko daktari yeyote. Akasema doa halifanani na la mtoto aliyejikojolea. Mtoto aliyejikojolea pedi inajaa mpaka inadondosha, lakini ya Mwanaidi inaanza na doa kama sarafu halafu linatanuka polepole, mchana kutwa.

Hapo ndo njia zinapoachana, na hapa ningependa wazazi na sisi wa vituo vya chini tutulie kidogo. Watoto wengi sana wanaolowa mchana baada ya miaka 5 hawana kasoro ya maumbile hata kidogo na hawahitaji kisu. Ni watoto wenye kibofu chenye haraka, wakibanwa wanachuchumaa na kukaza miguu au kukalia kisigino, au ni wale wanaobana tangu asubuhi mpaka saa nane mchana kwa sababu vyoo vya shule vinatisha, au wamefunga choo na mavi magumu yanakandamiza kibofu. Hawa wanalowa kwa vipindi, katikati wanakuwa wakavu. Dawa yao ni kukojoa kwa ratiba kila baada ya masaa mawili au matatu, maji ya kutosha mchana, kutibu choo kigumu, kukaa vizuri miguu ikigusa chini, na uvumilivu wa miezi. Oksibutinini inaingia baadaye kwa baadhi yao. Kuna wasichana wengine pia wanakojoa wakiwa wamebana mapaja, mkojo unarudi kujikusanya ndani ya uke, wakisimama wanadondosha kwa dakika chache halafu basi, wale ukiwafundisha kutanua miguu na kuinama mbele wanapona bila hata panado. Lakini anayekojoa vizuri na bado anadondosha mfululizo, hajawahi kukauka toka azaliwe, huyo ratiba ya choo haitamsaidia hata ukimwekea kengele.

Bingwa aliomba daftari la siku mbili. Mama akaleta karatasi ya kaki ile anayokatia vipimo vya magauni, ameandika kwa chaki ya kushonea, saa na kiasi kilichopimwa kwenye jagi la plastiki: 180, 210, 190, 220. Mtoto wa miaka 7 kibofu chake kinatarajiwa kubeba kama mililita 240, unachukua umri unajumlisha moja unazidisha kwa 30, kwahiyo kibofu cha Mwanaidi kinajaa na kinamwaga vizuri tu. Akapimwa mabaki baada ya kukojoa, karibu hakuna. Mgongo ukatazamwa kama kuna kishimo, manyoya au uvimbe juu ya matako, miguu ikapimwa nguvu na hisia, maana uti wa mgongo wenye hitilafu nao unaleta kulowa. Safi kote. Kibofu kizuri, neva nzuri, mkojo unatoka wapi?

Unatoka figoni, kwa njia yake. Kawaida kila figo ina mrija mmoja, ureta, unaoshuka mpaka kwenye kibofu. Takriban mtu mmoja kwa 100 ana figo yenye sehemu mbili, ya juu na ya chini, na wengi wao wanaishi mpaka uzeeni bila kujua. Baadhi yao mirija inakuwa miwili mpaka chini, na hapo kuna kanuni inayoitwa ya Weigert na Meyer, wa kwanza aliiandika 1877 na wa pili akaikamilisha 1946, kwamba mrija wa sehemu ya juu ndo unaoishia chini zaidi. Ukishuka kidogo tu bado unaingia kibofuni. Ukishuka sana kwa msichana unapita chini ya msuli unaofunga mkojo, unaenda kutokea kwenye njia ya mkojo, au pembeni ya tundu lake, au ndani ya uke. Ni kama fundi bomba aliyeunganisha mabomba mawili, moja akaliingiza kwenye tenki na lingine akalipitisha nje ya koki, koki utafunga utakavyo, lile la pili linaendelea kudondosha. Wavulana nao wanapata mrija wa namna hiyo lakini kwao hautokei chini ya ule msuli, kwahiyo wanakuja na maambukizi au korodani kuvimba, sio kulowa mfululizo. Ndo maana hiki ni kisa cha wasichana.

Na sababu ya ultrasaundi kuruka ni kwamba ile sehemu ya juu yenye mrija uliopotea mara nyingi ilikua vibaya toka tumboni kwa mama, ni ndogo, imejificha chini ya mbavu karibu na wengu au ini, inatoa mkojo kidogo tena mwepesi. Ultrasaundi ya tatu fomu iliandikwa tofauti: msichana hajawahi kukauka, anakojoa kawaida, tafadhali angalia ncha ya juu ya figo zote mbili na nyuma ya kibofu kikiwa kimejaa. Mpiga picha akakaa naye kama robo saa. Figo ya kushoto ikaonekana ndefu kidogo kuliko ya kulia, juu kuna kitu kama kijifuko cha maji, na nyuma ya kibofu kuna mrija mpana uliopindapinda ambao haukutakiwa kuonekana. Mashine ilikuwa aina ileile ya zile mbili za mwanzo.

Kabla ya vipimo vikubwa kulifanyika jaribio la rangi, la bei ndogo, na mimi nalipenda kuliko yote. Kibofu kinajazwa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya bluu kwa katheta, ule mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo, katheta inatolewa, mtoto anavaa pedi nyeupe safi, anaachwa acheze nusu saa. Kama kibofu ndo kinavuja, pedi itakuwa bluu. Pedi ya Mwanaidi ilipotolewa ilikuwa imelowa, doa lile la sarafu, na halina hata chembe ya bluu. Ikawekwa kwenye mizani, imeongezeka gramu mbili, yaani kama mililita mbili. Halafu akapelekwa chooni akakojoa bluu tupu, akacheka sana, akamwita mama yake aje aone. Mama yeye alikuwa ameshika pedi.

Baada ya hapo ilibaki kuthibitisha ramani. Picha nzuri zaidi kwa kazi hii ni MRI ya njia ya mkojo, ile ya mashine ya sumaku, kwa sababu haina mionzi na inaonyesha hata kipande cha figo kisichofanya kazi, ila kwa familia hii gharama na foleni viliamua, ikafanyika siti skani ya dawa, yaani mtoto anachomwa mshipani dawa inayong'aa kwenye picha, yenye picha za kuchelewesha, moja tu na kwa kipimo cha mtoto. Sehemu ya chini ya figo ya kushoto iling'aa vizuri na ikamwaga dawa kibofuni. Sehemu ya juu ilikuwa ganda jembamba, dawa haikuonekana humo hata kwenye picha za mwisho. Upande wa kulia figo moja mrija mmoja. Hii ya mwisho ni muhimu sana, manake kuna watoto wachache ambao mirija yote miwili, kulia na kushoto, imepotea njia, hao kibofu chao hakijawahi kujazwa kwahiyo hakijakua, na operesheni yao ni ngumu mara kadhaa kuliko hii.

Sasa uamuzi, na hapa madaktari hawakubaliani, tusidanganyane. Njia ya kwanza ni kuondoa ile sehemu ya juu ya figo pamoja na mrija wake. Unaondoa chanzo cha mkojo, unaondoa na nyama mbovu, ila unafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye mishipa ya damu ya sehemu ya chini inayofanya kazi, na kuna asilimia ndogo ya watoto ambao ile sehemu ya chini inapungua nguvu au kufa baadaye. Njia ya pili ni kuiacha sehemu ya juu ilivyo na kuunganisha mrija uliopotea kwenye mrija mzima wa sehemu ya chini, kwa mkato mdogo chini ya tumbo, figo haiguswi kabisa. Wanaoipenda wanasema kwa nini uhatarishe figo nzuri? Wasioipenda wanasema unaacha nyama isiyo na faida na unagusa mrija mzuri. Njia ya tatu ni kuipandikiza mirija yote miwili kibofuni kwa pamoja, hiyo inafaa zaidi kama mrija wa sehemu ya chini nao unarudisha mkojo figoni. Wapo pia wanaofunga tu ule mrija, sehemu ya juu inajaa, inasinyaa, na mara nyingi inanyamaza, japo mimi kwa mtoto anayetoka mbali na asiye na uhakika wa kurudi kliniki hii ya kufunga na kuacha hainipi usingizi, ikipata usaha huko nani atajua.

Kama sehemu ya juu ingekuwa inafanya kazi vizuri, kuunganisha kungekuwa na hoja kubwa. Ya Mwanaidi haifanyi, kwahiyo bingwa akaamua kuitoa. Mama aliposikia neno figo akashtuka, tena kwa haki, yeye kaleta mtoto anayelowa chupi, leo anaambiwa atakatwa figo. Baba kwenye simu alikataa kabisa. Iliwachukua vikao, na kilichosaidia sio maneno bali mchoro uliochorwa nyuma ya bahasha ya picha, figo, mirija miwili, kibofu, msuli, na mstari unaoonyesha kipi kinatoka na kipi kinabaki. Baba akatumiwa picha ya mchoro, akapiga tena jioni akauliza maswali mawili ya maana: atabaki na figo ngapi, na atakuja kuzaa? Jibu: figo mbili, ya kushoto fupi kidogo, na kuzaa hakuguswi.

Operesheni yenyewe ilifanywa ya wazi, mkato ubavuni kushoto chini ya mbavu, ingawa penye vifaa inafanyika kwa matundu madogo na kamera na mtoto anapona haraka zaidi. Kwanza unatafuta mirija miwili: mmoja mwembamba ndo mzima, mwingine mpana, umejikunja, ndo unaoenda nao. Mpana unakatwa chini ya figo, unapitishwa nyuma ya mishipa mikubwa ya damu kwenda juu, halafu unakuwa mpini wa kuivutia ile sehemu mbovu. Mishipa midogo ya juu inafungwa, na ukisubiri unaona mpaka unajichora wenyewe, juu rangi inafifia, chini inabaki nyekundu ya kahawia. Unakata upande wa juu wa mpaka, unashona, unaweka mrija wa kutoa majimaji. Kisha unaufuata mrija mpana kushuka chini uwezavyo, ukiwa umeshikamana na ukuta wake wenyewe, manake huko chini mirija yote miwili inatembea kwenye ala moja na kulishwa na mishipa ileile, ukikwangua ovyo unaua mrija mzima. Kipande cha mwisho kabisa kinaachwa, kwa kawaida hakisumbui, wachache tu ndo kinawaletea maambukizi na kurudishwa meza.

Katheta ilitolewa siku ya pili. Mama alikuwa amebeba pedi zake, akamvalisha moja, na kila muuguzi akipita anamwambia subiri kwanza nakagua. Kavu. Akalala usiku mzima na ileile, asubuhi kavu. Huu ndo uzuri wa ugonjwa huu ukipata jibu lake, hakuna miezi ya kusubiri dawa ikolee, chanzo kikitoka mtoto anakauka papo hapo, na asipokauka jua kuna mrija mwingine hujauona au kibofu kina shida yake. Akaruhusiwa siku ya tano.

Kuna mambo hayakuisha siku hiyo. Mwanaidi aliendelea kwenda chooni kila saa kwa wiki kadhaa akiogopa, choo kilikuwa bado kigumu tangu ile oksibutinini, na alikataa kuacha pedi mpaka likizo ikaisha. Ikabidi apewe ratiba ileile ya watoto wa kibofu cha haraka, kwenda chooni kwa saa badala ya kwa woga, matunda na maji, na dawa ya kulainisha choo. Mwalimu wa darasa akaitwa na mama, akamrudisha mbele. Jina la kikojozi lilichukua muda kufa, watoto hawana huruma.

Kliniki ya miezi mitatu: presha kawaida, ultrasaundi inaonyesha sehemu ya chini ya figo ya kushoto ina damu ya kutosha, hakuna kijifuko cha mkojo pale palipokatwa. Atarudi mwaka ukifika kwa picha nyingine kuangalia kama hiyo figo inakua.

Mtu asichukue kisa hiki akadhani kila upasuaji wa kulowa uko hivi. Mvulana mdogo anayekojoa kwa kukamua, mkondo mwembamba, kibofu kigumu unachokishika kwa mkono, huyo anatafutiwa vali, yaani vikunjo vya utando vinavyoziba njia ya mkojo, na zinachomwa kwa kamera, tena haraka kabla figo hazijaharibika. Mtoto mwenye mgongo wazi, yeye anaanza na kukojoleshwa kwa katheta safi mara nne tano kwa siku, na wachache wanaoshindikana kwa dawa ndo wanaongezewa kibofu kwa kipande cha utumbo au kutengenezewa njia kitovuni kwa kidole-tumbo, ile aliyoitangaza Mitrofanoff wa Ufaransa mwaka 1980. Hao wanahudumiwa maisha yao yote. Mwanaidi alihitaji siku moja tu ya meza ya operesheni, baada ya miaka mitano ya watu kutouliza kama kuna muda anakauka.

Swali la mwisho la mama lilikuwa juu ya mdogo wake Mwanaidi mwenye miaka minne, kama naye apelekwe skani, kwa sababu alisikia figo za sehemu mbili huwa zinatembea kwenye ukoo. Ni kweli zinaweza. Akaulizwa huyo mdogo anakauka? Akasema tangu ana miaka mitatu, mchana na usiku. Basi mwache acheze.